Namna ya kusoma ukuta wa nyumba iliyobomolewa, Mikindani

Nyumba ya mawe ikibomolewa na ya jirani ikabaki, ukuta uliozitenga hubaki na alama. Mikindani, jirani na Mtwara mjini, ukuta wa namna hiyo huna haja ya kuutafuta mbali. Mimi ni mwashi wa chokaa, na hivi ndivyo ninavyousoma kabla ya kushika mwiko.

1. Nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Saa sita mchana huoni kitu. Na usimuulize mtu kwanza: ukishaambiwa "hapa palikuwa na duka", utaona duka tu.

2. Tafuta mashimo ya boriti. Hapa usiwe na haraka. Yamejipanga mstari mmoja, yamekaribiana. Ukiingiza kidole huenda ukagusa kisiki cha mkoko kilicholiwa na mchwa. Mstari huo ndio dari, na juu yake ilikaa sakafu ya mawe na chokaa. Ukiona mstari wa pili juu yake, hiyo ilikuwa ghorofa. Boriti za mikoko kwa kawaida hazivuki mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Basi ukuta ukiwa na mashimo, pima mita 3 kuja upande wako, ukwangue mchanga taratibu; msingi wa ukuta wa pili hauko mbali na hapo. Ukikosa mashimo kabisa, huenda boriti zilikwenda sambamba na ukuta huu.

3. Angalia mstari wa mshazari. Juu yake pamepigwa mvua na kuota weusi, chini yake chokaa bado ipo: hapo lilikaa paa. Mteremko mkali ni makuti, mdogo ni bati.

4. Rangi, masizi, vidaka (vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu): andika vyote, pamoja na kimo kutoka chini. Wakishapiga lipu ya saruji, basi tena.

5. Piga picha tepu ikionekana, chora, ndipo ukaulize.

Mara ya kwanza nilichora kidaka nikaandika "dirisha". Bibi mmoja wa mtaa ule akacheka hadi akaketi barazani. "Mjukuu wangu, dirisha la kuchungulia chumbani kwa jirani?" Nikarudi kutazama. Juu ya kidaka palikuwa na masizi ya kibatari.