Kutengeneza gazeti la kubuni kwa tamthilia ya shujaa

Watu wengi huanza na nembo, na hapo ndipo mambo huharibika. Siku mbili zinaisha mtu yuko kwenye kompyuta akichagua herufi za jina la gazeti, halafu siku ya kurekodi inabainika kwamba gazeti lenyewe halina kazi: mhusika analifungua, analitazama, analirudisha mezani, basi. Anza na skripti. Pitia kila onyesho linalotaja gazeti na ujiulize: nikiliondoa, kuna mhusika atakayekosa kujua jambo, au atakayekosa sababu ya kuwa mahali fulani? Kama hakuna, onyesho hilo halihitaji gazeti.

Katika tamthilia za mashujaa gazeti lina kazi tatu ambazo zimethibitika. Ya kwanza ni ajira. Daily Planet, gazeti ambalo katika katuni za mwaka 1938 lilikuwa bado linaitwa Daily Star, linampa Clark Kent, ambaye kwa siri ndiye Superman, vitu viwili ambavyo asingevipata akiwa karani wa benki: habari za ajali na uhalifu humfikia mapema, na akitoka ofisini saa tano asubuhi hakuna anayeshangaa. Ukimwajiri shujaa wako gazetini, vitumie vyote viwili, na umweke mhariri anayeitaka habari kabla ya saa fulani. Bila saa hiyo, ofisi nzima inabaki kuwa mapambo.

Ya pili ni uchunguzi. Mtu asiye na nguvu yoyote, mwenye daftari na simu tu, anaufikia ukweli kwa njia ndefu, kama mwandishi Ben Urich wa gazeti la New York Bulletin katika tamthilia ya Daredevil ya 2015. Kwa kazi hii, gazeti dogo mara nyingi lina faida kuliko kubwa. Katika tamthilia ya Superman & Lois, iliyoanza 2021, mwandishi Lois Lane, mke wa Clark Kent, anaiacha Daily Planet na kuhamia Smallville Gazette. Katika mji mdogo kila anayeandikwa ni mtu ambaye mwandishi atakutana naye dukani kesho yake, na hapo hofu haihitaji mlipuko.

Ya tatu ni ushahidi, nayo ndiyo ngumu na tamu kuliko zote. Mfano wa kujifunzia ni The Flash, tamthilia ya Barry Allen, kijana mwenye kasi isiyo ya kawaida anayeitwa Flash. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, iliyorushwa tarehe 7 Oktoba 2014, mwanasayansi Harrison Wells anaingia chumba cha siri na kuutazama ukurasa wa mbele wa gazeti la tarehe 25 Aprili 2024. Kichwa cha habari kinasema Flash hajulikani alipo, ametoweka katika janga. Kwa ukurasa huo mmoja tunajua kwamba Wells anayajua yajayo, kwamba kijana ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia atakuja kuwa maarufu, na kwamba atapotea. Baadaye jina la mwandishi likaonekana, Iris West-Allen, nalo likawa habari kamili: Iris West alikuwa bado hajaolewa, na jina hilo lilitangaza kwamba ataolewa na Barry Allen muda mrefu kabla ya harusi yao. Mwishoni mwa msimu wa tano tarehe ikabadilika palepale ukurasani, kutoka 2024 hadi 10 Desemba 2019, siku ambayo The Flash ilirusha sehemu yake ya simulizi la Crisis on Infinite Earths.

Ukurasa wa aina hii una mahali panne panapoweza kubeba hadithi: kichwa cha habari, tarehe, jina la mwandishi, na habari ndogo za pembeni. Usivifungue vyote siku moja. The Flash ilianza na kichwa na tarehe, ikaliweka jina akiba, na katika habari za pembeni ikawapa mashabiki vidokezo vya kutafuna kwa miaka, kama muungano wa kampuni ya Wayne na ya Queen.

Kuuandika ukurasa

Shoti ya karibu ya gazeti hukaa sekunde mbili au tatu. Kichwa cha habari kisizidi maneno matano. Kiswahili kinakurahisishia, maana kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na tendo: FLASH ATOWEKA ni maneno mawili, wakati KUTOWEKA KWA FLASH KWAZUA HOFU ni matano na hayajasema zaidi. Kipimo ni kilekile cha meza ya muuza magazeti: anayepita bila kusimama lazima awe amekisoma.

Habari yenyewe iandike kweli, maneno 150 hadi 200 kwa habari kuu na kama 60 kwa kila habari ya pembeni. Usijaze safu kwa Kilatini cha kubuni wala kwa aya moja iliyorudiwa mara sita. Watazamaji husimamisha picha na kusoma, na wakikuta uchafu, imani yao kwa mji mzima uliobuni inashuka.

Na iandike kama mwandishi wa gazeti hilo, si kama wewe unayejua mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea. Mwandishi wa tamthilia anajua jina halisi la shujaa, anajua adui alitoka wapi, na ujuzi huo unavuja hadi kwenye habari. Aya ya kwanza iwe hivi: "Mtu aliyevaa nguo nyekundu aliwatoa abiria watano kwenye basi lililokuwa likiungua juu ya daraja la mto jana saa moja usiku, kisha akaondoka kabla polisi hawajafika." Nani, nini, wapi, lini, na hakuna neno ambalo shahidi aliyesimama darajani asingeweza kulisema. Kisha rudi kwenye onyesho ulilorekodi uwahesabu abiria. Wakiwa sita, rekebisha ukurasa kabla haujachapwa.

Saa nayo ina sheria yake. Gazeti la karatasi huchapwa usiku. Pambano la saa sita mchana haliwezi kuwa mikononi mwa watu saa kumi jioni. Litakuwa gazetini kesho asubuhi. Ukihitaji habari itoke siku hiyohiyo, mpe mhusika simu asome tovuti ya gazeti. Angalia pia siku ya juma kwenye kalenda: 25 Aprili 2024 ilikuwa Alhamisi, na aliyeandika Jumatatu atajulikana.

Picha ya ukurasa wa mbele ndiyo inayovuruga ratiba. Ukurasa lazima uwe umechapwa kabla ya onyesho la kusoma gazeti, na picha inatoka kwenye pambano ambalo huenda limepangwa kurekodiwa wiki mbili baadaye. Lisemee hilo kwenye kikao cha kwanza cha ratiba, au omba saa moja ya kumpiga shujaa picha akiwa na vazi lake kamili. Pembe ya kamera iwe ya mtu aliyesimama chini barabarani. Picha kali iliyopigwa kutoka angani, mahali ambapo hakuna mpigapicha angefika, inauliza swali ambalo hadithi haina jibu lake. Ukungu kidogo na bega la mtu lililokatiza mbele vinasaidia.

Jina la gazeti litafute kwanza, uhakikishe hakuna gazeti la kweli linalolitumia katika nchi unayoisimulia. Matangazo yasiwe na namba za simu zinazoweza kupigwa. Hadithi ikiwa Marekani, tumia 555-0100 hadi 555-0199, zilizotengwa kwa kazi za kubuni. Kwingineko, acha tangazo bila namba.

Kulichapa na kulipeleka seti

Gazeti dogo: chapa karatasi ya A2 na uikunje, upate kurasa nne za A3. Gazeti pana: A1 iliyokunjwa, kurasa za A2. Karatasi moja tu inaonekana kama kipeperushi, kwa hiyo weka sita, ambazo ni kurasa 24. Za ndani zinaweza kuwa kurasa za kawaida unazozitumia msimu mzima, mradi hazionekani kwa karibu. Tafuta karatasi halisi ya magazeti, ya gramu 45 hadi 49 kwa mita ya mraba. Karatasi ya ofisini ya gramu 80 husimama wima mkononi kama kadi, na weupe wake hurudisha mwanga usoni kwa mwigizaji. Ukiikosa kabisa, tafuta karatasi nyembamba kuliko zote na uchape rangi hafifu ya kijivu chini ya maandishi. Kama kuna mvua kwenye onyesho, tumia printa ya leza. Wino wa maji utamwagika hadi kwenye mikono ya mwigizaji.

Idadi: moja safi ya shoti ya karibu, mbili za kushikwa, moja ya kumbukumbu isiyoguswa. Gazeti likichanwa, likichomwa au kuloweshwa, ongeza moja kwa kila teki (kila mara onyesho linaporudiwa kurekodiwa) inayotarajiwa na mbili za akiba. Piga picha ya mikunjo baada ya kila teki, kwa sababu gazeti lililokunjwa mara mbili halirudi kuwa jipya.

Fundi wa sauti atalalamika, na ana haki. Karatasi kavu hufunika mazungumzo. Nyunyizia ukungu wa maji kwa chupa ya kupuliza, kwa umbali wa mkono mzima, dakika chache kabla ya kurekodi, na mwambie mwigizaji afungue ukurasa baina ya sentensi moja na nyingine za wenzake, si wakati wanazungumza.

Baada ya hapo fungua daftari la matoleo: kila ukurasa uliowahi kuonekana, tarehe iliyoandikwa juu yake, tarehe ya kurushwa, jina la mwandishi, na kila habari ya pembeni neno kwa neno. Msimu wa tatu mtu ataomba "lile gazeti la mwanzo" lionekane tena ukutani nyuma ya mhariri, na faili la kompyuta litakuwa limebadilishwa mara nne. Nakala isiyoguswa ndiyo itakayotumika.