Kuzungusha Video Iliyolala Ubavu kwa Programu za Kawaida za Nyumbani

Baada ya harusi moja ya nyumbani kwetu, ndugu aliyekuwa ameshika simu alinakili video zake kwenye flashi, tukaichomeka kwenye runinga ya sebuleni, na bibi harusi akaonekana amelala ubavu kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Wazee waliitazama kwa shingo upande, safari hii kwa maana halisi ya maneno hayo. Cha ajabu ni kwamba kwenye simu video zile zile zilikuwa zimesimama wima bila kasoro yoyote. Mtu asiyejua sababu ya tofauti hiyo anaweza kuizungusha video ambayo haikuhitaji kuzungushwa, kisha akajikuta ameilaza upande wa pili.

Sababu yenyewe ni hii. Simu inaposhikwa wima, mara nyingi haizipangi upya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, bali huzirekodi kama kihisi cha kamera kinavyozipokea, kwa mfano 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, halafu huandika ndani ya faili alama fupi inayoiagiza programu ya kuonyeshea izungushe picha kwa nyuzi 90. Simu zenyewe, kompyuta za sasa na programu za kuonyeshea video kama VLC huisoma alama hiyo na kuitii; baadhi ya runinga, deki zenye tundu la flashi na programu za zamani huipuuza. Alama huandikwa kulingana na jinsi simu ilivyoshikwa wakati kurekodi kunaanza, na ndiyo maana mpigaji anayegeuza simu katikati ya shughuli hupata nusu ya video imesimama na nusu imelala. Anayepiga kwa kuinamisha simu juu ya meza, kwa mfano ili kuonyesha jinsi chapati zinavyosukumwa, naye hupata taabu, kwa kuwa simu iliyolala bapa hushindwa kutambua juu ni wapi na chini ni wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, nakili faili asilia kutoka kwenye simu kwa waya, wala usitumie nakala iliyopitia WhatsApp kama video ya kawaida, kwa maana hiyo imekwisha kubanwa na kupungua ubora. Ifungue nakala uliyoitoa kwenye simu kwa njia mbili tofauti, tuseme kwenye VLC na kwenye runinga. Ikiwa imelala kote kuwili, basi inahitaji kuzungushwa kweli. Ikiwa imesimama sehemu moja na kulala sehemu nyingine, tatizo ni ile alama tu: iingize kwenye programu ya kuhariri, hakikisha kwamba inaonekana wima kwenye kioo cha programu hiyo, kisha itoe upya, yaani iagize programu itengeneze faili jipya, bila kuizungusha hata kidogo. Programu itakuwa imezipanga pikseli zenyewe wima, na runinga haitakuwa na alama ya kupuuza.

Kwa mwenye Windows 11, programu iliyo karibu zaidi ni Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021 na ambayo sasa huja na mfumo wenyewe. Baada ya kuingia kwa akaunti yako, anzisha mradi mpya, leta faili lako, na ulivute hadi kwenye mstari wa wakati ulio chini ya skrini. Ukibofya kipande hicho, vitufe vidogo hutokea karibu na picha; kile cha kuzungusha kina mshale uliopinda, na pengine kimefichwa ndani ya nukta tatu. Kila mbofyo huzungusha kwa nyuzi 90. Ikiwa kichwa cha mtu kiko upande wa kushoto wa skrini, mzunguko mmoja wa kulia humsimamisha. Ikiwa kiko kulia, zungusha mara moja kushoto, au mara tatu kulia kama programu ina mshale mmoja tu.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wanakumbuka kuizungusha picha lakini wanalisahau umbo la fremu, yaani la kisanduku ambamo picha inakaa. Video ya 1920 kwa 1080 ikisimamishwa huwa 1080 kwa 1920, nayo ikiwekwa ndani ya mradi uliolala hulazimika kupunguzwa mpaka kimo chake kiwe 1080, na hapo upana wake hubaki takriban pikseli 608. Sehemu inayosalia, zaidi ya theluthi mbili za skrini, huwa ni weusi mtupu pande zote mbili. Ukijaribu kuipanua picha hadi iujaze upana wote, utabaki na chini ya theluthi moja ya kile kilichopigwa, na kwa kawaida vichwa ndivyo vinavyokatwa. Kama video itatazamwa kwenye simu, badilisha umbo la mradi kutoka 16:9 (la kulala) kuwa 9:16 (la wima). Kama itatazamwa kwenye runinga, binafsi naona ni heri kuvumilia weusi wa pembeni kuliko kumkata bwana harusi kofia.

Anayetaka kufanya kazi bila intaneti anaweza kutumia Shotcut, ambayo ni ya bure na inapatikana kwa Windows, Mac na Linux. Ndani yake, mzunguko hufanywa kwa kichujio kinachohusu ukubwa, nafasi na mzunguko wa picha, ambapo unaandika 90, 180 au 270. Ina tabia moja inayowasumbua wageni wake: kwanza huibana picha iingie ndani ya fremu, halafu ndipo inapoizungusha, hivyo katika mradi wa wima picha hubaki ndogo katikati mpaka uikuze hadi takriban asilimia 178. Wenye kompyuta za zamani ambazo bado zina Windows Movie Maker ya mwaka 2012 wana njia fupi kuliko zote, kwani vitufe vya kuzungusha kushoto na kulia viko kwenye ukurasa wa mwanzo. Hata hivyo, Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2017. Kwenye Mac, QuickTime Player huifanya kazi hii kupitia menyu ya Edit, na kwenye iPhone uwezo huo umo ndani ya programu ya picha tangu iOS 13.

Ile video iliyogeuzwa katikati huhitaji hatua moja ya ziada. Sogeza kielekezi mpaka pale simu ilipoanza kugeuzwa, kata kwa herufi S, ambayo hufanya kazi hiyo katika Clipchamp na Shotcut vilevile, kisha kata tena pale ilipotulia. Vile vipande viwili vya mwanzo na mwisho kila kimoja kizungushwe kivyake, na sekunde chache za katikati, ambazo huleta kizunguzungu tu, zifutwe.

Usichanganye kuzungusha na kupindua. Video iliyo juu chini huzungushwa nyuzi 180. Ukiipindua kwa kitufe cha kupindua wima itasimama, lakini maandishi yote yatageuka kama yanavyoonekana kwenye kioo, na jina la kanga litasomeka kinyumenyume. Jihadhari pia na VLC, ambayo hukuwezesha kuzungusha picha kupitia madoido yake ya video, lakini hubadilisha tu kile unachokitazama wewe, huku faili likibaki lilivyokuwa.

Wakati wa kutoa faili, chagua MP4 na ukubwa usiozidi wa video asilia, kwa kuwa kuchagua mkubwa zaidi huongeza uzito wa faili bila kuongeza chochote machoni. Kila utoaji hupunguza ubora kidogo, hivyo mikato, mizunguko na sauti zimalizwe zote kwa mkupuo mmoja. Lipe faili jipya jina lake, lipeleke kwenye runinga ile ile iliyolilaza la kwanza, na usifute la zamani mpaka umeliona jipya limesimama hapo kuanzia mwanzo hadi mwisho.