Kabla chanjo ya mafua haijafika kituoni

Kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo, soma boksi. Lililoandikwa miaka miwili, kama 2025/2026, ni la nusu ya kaskazini ya dunia. Lenye mwaka mmoja tu ni la kusini. Shirika la Afya Duniani hutangaza virusi vya kuwekwa kwenye chanjo kila Februari kwa kaskazini na kila Septemba kwa kusini. Sisi wa karibu na Ikweta tunaugua mafua karibu mwaka mzima, kwa hiyo iulize wizara inatumia ipi kabla hujalipa. Usishtuke ukikuta aina tatu za virusi badala ya nne: aina ya nne, B/Yamagata, haijathibitishwa kuzunguka tangu Machi 2020, ndiyo maana imeondolewa.

Halafu pima jokofu. Mabomba ya sindano yaliyojazwa dawa tayari hula nafasi kubwa kuliko vichupa vya dozi kumi, na mara nyingi mzigo hufika pa kuuweka hapana. Mtake msambazaji akupe ujazo wa dozi moja pamoja na boksi lake. Tuseme ni sentimita za ujazo 15: dozi 200 zitataka lita 3, na bado hewa ipate pa kupita.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8. Wengi huogopa joto, lakini kinachoiua chanjo hii kimyakimya ni kuganda. Friji ya nyumbani yenye kifriza ndani haifai: karibu na bamba la barafu nyuzi hushuka chini ya sifuri usiku, na mlangoni hupanda kila inapofunguliwa. Weka kifaa kinachorekodi joto mfululizo, kisomwe asubuhi na jioni, Jumapili pia.

Wahudumu waliozoea pentavalenti, chanjo ya watoto ya magonjwa matano kwa pamoja, watakuambia, "Tikisa uone." Jaribio hilo ni la chanjo zenye chumvi ya alumini, ambayo ikiganda hushikana mabonge na kutuama upesi. Chanjo nyingi za mafua hazina alumini. Kichupa kilichoganda kikayeyuka kinaweza kuonekana sawasawa na kizima. Kifaa kikionyesha chini ya sifuri, tenga mzigo, andika, toa taarifa. Usitikise kutafuta matumaini.

Siku ya kwenda mitaani, toa pakiti za barafu kwenye friza mapema, zikae mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Iliyotoka friza moja kwa moja huigandisha chanjo inayoigusa.

Andaa pia orodha ya watu: wajawazito, wazee, wenye kisukari, pumu au moyo, watoto kuanzia miezi 6, na wahudumu wenyewe, ambao husahauliwa. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikipishana wiki 4, kwa hiyo mtengee ya pili tangu mwanzo. Adrenalini, dawa ya mzio mkali wa ghafla, iwe mezani kabla ya mtu wa kwanza kukaa. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Anayekwenda Hija asije siku ya kufunga mizigo.

Mpango wa janga la mafua ni daftari jingine. Chanjo ya msimu haijatengenezwa kuzuia kirusi kipya kama H5N1 cha homa ya ndege. Mwaka 2009 kirusi kipya cha H1N1 kilitambuliwa Aprili, na chanjo yake ikaanza kutolewa miezi kama mitano au sita baadaye, tena kwa nchi tajiri kwanza. Sehemu kubwa ya chanjo za mafua bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, kwa hiyo homa ya ndege ikipiga mashamba hayo, uzalishaji nao hutikisika. Panga miezi hiyo bila chanjo: barakoa, chumba cha wanaokohoa chenye madirisha mawili yanayopishanisha hewa, na oseltamivir, dawa ya kutibu mafua, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za dalili. Na namba ya ofisa mifugo ibandikwe ukutani. Kuku wakifa kwa wingi apigiwe siku hiyohiyo, kabla hawajachinjwa na kugawanywa.