Kinundu cha tezi ya thairoidi: namna ya kukipa alama kwa ultrasaundi

Vinundu vingi vya tezi ya thairoidi si saratani, na ukubwa peke yake haukuambii kipi ni saratani na kipi siyo. Toa alama kwanza kwa jinsi kinundu kinavyoonekana, ndipo ukubwa uamue kama kichomwe sindano, yaani kutolewa seli za kupimwa saratani. Mfumo unaofuatwa hapa ni ACR TI-RADS, mfumo wa alama wa chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, wa mwaka 2017.

Mlaze mgonjwa chali, mto chini ya mabega, kidevu juu. Tumia probu bapa (kifaa cha ultrasaundi kinachogusa ngozi) ya megahezi 7 hadi 15. Pima kila kinundu pande tatu, kisha jibu maswali matano na ujumlishe alama.

Kimejaa nini? Maji matupu au karibu yote maji ni 0. Mchanganyiko wa maji na nyama 1. Nyama tupu au karibu yote 2. Kikiwa na vishimo vidogo vya maji kama sponji, angalau nusu yake, kipe 0 na usiendelee na maswali mengine.

Weusi wake? Maji ni 0. Kikilingana na tezi au kikiwa cheupe zaidi, 1. Kikiwa cheusi kuliko tezi, 2. Kikiwa cheusi hata kuliko misuli iliyo mbele ya tezi, 3. Tezi yenye Hashimoto, yaani uvimbe wa tezi unaotokana na kinga ya mwili kuishambulia, huwa nyeusi yenyewe, hivyo kinundu cheusi kinaweza kuonekana cha kawaida. Hapo jilinde kwa kuangalia misuli.

Umbo? Kirefu kwenda chini kuliko upana ni 3, vinginevyo 0. Hapa ndipo wengi hukosea: pima kwenye picha ya kukata shingo kwa upana, si ya urefu wa shingo.

Kingo? Laini, au zisizoonekana vizuri, 0. Zenye mabonde au ncha, 2. Kilichotoka nje ya tezi, 3. Kingo zisizoonekana vizuri zisikutishe. Zenye ncha ndizo za kuogopa.

Vidoa vyeupe? Hapa alama hujumlishwa: chokaa kubwa yenye kivuli 1, chokaa ya kuzunguka ukingo 2, vidoa vidogo sana visivyo na kivuli 3. Lakini kidoa chenye mkia mpana wa umbo la V ndani ya maji ni 0, kwa kuwa kwa kawaida hutokana na koloidi, ute wa kawaida wa tezi hii. Pia ukuta wa nyuma wa kishimo kidogo cha maji hung'aa na kudanganya jicho. Sogeza probu, badilisha pembe, uone kama kidoa kinabaki.

Jumla ya alama huonyesha daraja la shaka ya saratani, kuanzia TR1 hadi TR5: 0 ni TR1, 2 ni TR2, 3 ni TR3, 4 hadi 6 ni TR4, 7 na zaidi ni TR5. TR1 na TR2 hazichomwi sindano. TR3 huchomwa kuanzia sm 2.5 na kufuatiliwa kwa ultrasaundi kuanzia sm 1.5, TR4 ni sm 1.5 na sm 1. TR5 ni sm 1 na sm 0.5.

Chukua kinundu cha sm 1.2, nyama tupu, cheusi kuliko tezi, kingo laini, umbo pana, bila vidoa: 2 na 2 ni 4, TR4, kifuatiliwe tu. Ukikuta ndani yake vidoa vidogo halisi, jumla inapanda hadi 7, na sindano inahitajika. Ndiyo maana vidoa vinastahili muda wako kuliko kitu kingine.

Ufuatiliaji: TR5 kila mwaka hadi miaka 5, TR4 mwaka 1, 2, 3 na 5, TR3 mwaka 1, 3 na 5. Kimekua kweli kikiongezeka asilimia 20 katika pande mbili, angalau mm 2 kila upande, au ujazo ukiongezeka asilimia 50.

Kabla ya kumruhusu mgonjwa, pitia tezi za limfu za shingoni. Ya mviringo isiyo na kitovu cha mafuta, yenye vidoa vya chokaa au maji ndani, inatiliwa shaka, na huchomwa sindano pia. Rovu lenye vinundu vingi lisikuchanganye: vya kuchomwa sindano visizidi viwili, vyenye alama kubwa zaidi, hata kama kikubwa kuliko vyote kiko pembeni.