Mtoto akishashuka, usiondoe basi haraka

Dereva wa basi la shule, mtoto akishashuka usikanyage mafuta hadi umwone kwa macho yako akiwa mbali na gari. Ndani ya mita 3 kuzunguka basi, hasa mbele kabisa na karibu na matairi ya nyuma, mtoto mfupi hupotea kwenye vioo. Akiangusha daftari atainama kuliokota bila kufikiri, ndivyo watoto walivyo. Hesabu wanaoshuka, kisha wahesabu tena wakiwa pembeni. Hesabu isipotimia, vuta handibreki, zima injini, shuka ukaangalie. Honi usipige, anaweza kudhani unamwita avuke. Mkiwa njiani, acha angalau sekunde 4 nyuma ya gari lililotangulia. Mvua ikinyesha, ongeza.