Kuongoza kikundi cha kujitolea kinachohifadhi historia ya Rangers wa Marekani: anza na majina

Vikundi vingi vya wajukuu wa Rangers (askari wa mashambulizi maalumu wa jeshi la Marekani) wa Vita Kuu ya Pili huanza kwa kukusanya medali na picha. Ushauri wetu ni kuanza na orodha ya majina. Picha ya askari wanne huko Pointe du Hoc, genge la pwani ya Ufaransa ambako Rangers walipigana, haifundishi mengi kama hakuna awezaye kusema ni akina nani.

Hatua ya 1: Gawa kazi. Watu wanne wanatosha: mratibu, mtunza orodha, mpokeaji wa vitu na mhoji. Anayepokea vitu asiwe ndiye anayehakiki majina. Familia ikishaleta bendera nzuri, ni vigumu kuiambia kwamba babu hayumo kwenye orodha ya Rangers. Andika pia nani atarithi nywila na akaunti ya benki mratibu akifariki.

Hatua ya 2: Jenga orodha kwa ripoti za asubuhi. Kila kompania iliandika kila siku nani amefika, ameuawa, amejeruhiwa au amehamishwa. Majalada ya askari mmoja mmoja yana pengo kubwa: moto wa tarehe 12 Julai 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Hata hivyo omba jalada kwa SF-180, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba kumbukumbu za jeshi, kwani mengine yaliokolewa yakiwa yameungua kingo tu.

Angalizo kubwa liko kwenye hati ya kuachishwa jeshi. Hati hiyo hutaja kikosi cha mwisho tu. Baada ya Batalioni ya 1 na ya 3 za Rangers kusambaratishwa Cisterna, Italia, tarehe 30 Januari 1944, wengi wa Rangers waliosalia na ambao hawakuwa wametumikia muda mrefu walihamishiwa First Special Service Force, kikosi maalumu cha pamoja cha Marekani na Kanada. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Ranger halali na hati yake isiseme hivyo. Kinyume chake pia hutokea: beji begani pichani si ushahidi. Jina liingie orodhani likiwa na tarehe ya ripoti, kompania na namba ya utumishi; majina yanafanana, namba hazifanani.

Hatua ya 3: Pokea kwa maandishi. Hati ya makabidhiano iseme kama kitu ni zawadi au mkopo, nani anaruhusu picha kuchapishwa, na kitu kiende wapi kikundi kikivunjika. Bila hiyo, mjukuu mwingine atakuja kudai medali ileile, naye atakuwa na haki ya kuuliza.

Hatua ya 4: Skani. Picha: nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, mbele na nyuma, maana majina mengi yako nyuma kwa penseli. Albamu ya kurasa zenye gundi iskani ukurasa mzima kwanza. Picha ikigoma kubanduka, iache. Pini ya stepla yenye kutu inyooshe miguu, kisha iinue. Ukiivuta itachana karatasi. Medali usiing'arishe, utakwangua rangi ya asili. Weka nakala tatu, moja mji mwingine.

Hatua ya 5: Hoji. Maktaba ya Bunge la Marekani hupokea mahojiano ya askari mwenyewe yasiyopungua dakika 30, bila kuhaririwa. Mtoto wa askari muulize anachokijua kwa macho yake: barua zilikuwa wapi, nani alikuja nyumbani, baba alikataa kuzungumzia nini.