Kuingiza Mashine Mpya Kazini: Mwongozo kwa Vikundi vya Uzalishaji Mkoani Kigoma

Faida ya mashine mpya hutokana kwa sehemu kubwa na namna kazi inavyopangwa upya baada ya mashine kufika, na hasara yake mara nyingi hutokana na kuiweka katikati ya mpangilio wa zamani na kungoja maajabu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakamuaji wa mawese, wakaushaji wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, wavuvi, na mafundi wa karakana ndogo ambao wamekwisha kupata fedha, au wanakaribia kuzipata, na sasa wanajiuliza wanunue nini na waanzie wapi. Mifano mingi imechukuliwa kwenye mawese, kwa kuwa huko ndiko hatua za kazi zinakoonekana wazi zaidi, lakini hatua hizo hizo zinaweza kufuatwa na fundi seremala wa Kasulu au kikundi cha kuchuja asali mkoani Tabora.

Jambo hili lina ushahidi wa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vingi vya Marekani viliendeshwa kwa injini moja kubwa ya mvuke, iliyozungusha vyuma virefu vilivyopita chini ya dari, na kila mashine ikapata nguvu kutoka kwenye vyuma hivyo kwa mikanda. Umeme ulipoanza kupatikana, wenye viwanda wengi waliondoa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa mahali pake, na kuacha vyuma, mikanda na mpangilio wa watu kama vilivyokuwa. Nafuu waliyoipata ilikuwa ndogo. Uzalishaji ulikuja kupanda sana miongo kadhaa baadaye, hasa katika miaka ya 1920, pale kila mashine ilipopewa mota yake yenyewe, kwa sababu hapo ndipo ilipowezekana kuzipanga mashine kwa kufuata mtiririko wa kazi badala ya kufuata njia ya mkanda. Kikundi chenye mashine moja ya kukamulia kinakabiliwa na swali lile lile.

Anzeni na daftari

Kabla ya kwenda kuuliza bei, pimeni kazi yenu kama ilivyo leo. Kwa kila mzunguko wa ukamuaji, andikeni uzito wa mikungu iliyoingia, siku iliyokatwa, saa iliyotumika katika kila hatua (kupukuchua, kuchemsha, kutwanga au kukamua, kuchemsha tena ili kutenga maji), idadi ya watu katika kila hatua, kiasi cha kuni, na lita za mafuta zilizopatikana. Fanyeni hivyo kwa mizunguko kadhaa, katika msimu wa wingi na katika msimu wa uhaba, kwa sababu mzunguko mmoja hauwezi kuwapa picha ya mwaka.

Kutokana na daftari hilo mtapata kipimo muhimu kuliko vyote, yaani kilo za mafuta zilizopatikana kwa kila kilo 100 za mikungu. Lita moja ya mawese ina uzito wa takribani kilo 0.9. Tuseme mikungu ya kilo 500 imetoa lita 40: hizo ni kama kilo 36, sawa na asilimia 7.2. Muuzaji wa mashine atakapowaambia kwamba mashine yake inatoa mafuta mengi zaidi, mtakuwa na namba yenu ya kulinganisha, na mtaweza kumwomba akamue mzigo wenu mbele ya macho yenu. Mimi ningekataa kununua mashine yoyote ambayo muuzaji hakubali ijaribiwe kwa chikichi za mnunuzi.

Aina ya michikichi nayo iandikwe, kwa kuwa inabadilisha hesabu yote. Dura, iliyozoeleka katika mashamba mengi ya zamani, ina kokwa yenye ganda nene na nyama kidogo. Tenera, ambayo ni mseto wa dura na aina nyingine iitwayo pisifera, ina ganda jembamba na nyama nyingi. Kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), hapa hapa Kigoma, kinazalisha mbegu za tenera, na serikali imekuwa ikihimiza kilimo chake tangu mwaka 2018. Mbegu hiyo nayo ni teknolojia, na kwa mkulima huenda ikawa teknolojia kubwa kuliko mashine yenyewe. Mchikichi wa tenera huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4 hivi. Kwa hiyo kikundi ambacho wakulima wake wamekwisha kupanda tenera kinunue mashine kwa kutazama mavuno ya miaka hiyo ijayo, na kihakikishe kwamba mkandamizo wake unaweza kurekebishwa, maana ganda jembamba hupasuka upesi linapobanwa kupita kiasi na mise, yaani kiini kilichomo ndani ya kokwa, ikachanganyika na mawese.

Tafuteni mahali kazi inapokwama

Kila kazi yenye hatua nyingi ina hatua moja inayochelewesha nyingine zote. Mashine ikiwekwa pengine popote, mzigo utaendelea kukwama pale pale. Hili ndilo kosa linalogharimu vikundi vingi, nami naomba lisomwe kwa utulivu.

Chukueni mfano wa mashine yenye uwezo wa kukamua kilo 300 za chikichi kwa saa. Pipa la kuchemshia linabeba kilo 150, na tangu kuwashwa moto hadi chikichi kuiva zinapita saa 2. Maana yake ni kwamba pipa hilo linalisha mashine kilo 75 tu kwa saa, na mashine iliyonunuliwa kwa mkopo inakaa bila kazi robo tatu ya muda wake. Ili ifanye kazi ya kutosha yanahitajika mapipa manne yanayopokezana, jambo linaloongeza kuni, majiko, maji, na watu wa kuangalia moto. Huenda fedha zile zile zingeleta faida kubwa zaidi kama zingejenga majiko mazuri yanayookoa kuni na kununua mashine ndogo.

Upo pia mkwamo usioonekana kwa saa bali kwa ubora. Chikichi inapokatwa na kuchubuka, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuvunja mafuta na kuzalisha asidi, na kinachovizima ni moto wa kuchemshia. Desturi ya kuacha mikungu siku kadhaa ili chikichi zilegee na kupukuchuliwa kwa urahisi inapunguza jasho, lakini inaongeza asidi hiyo. Mtengeneza sabuni anaweza kuyapokea mafuta ya namna hiyo. Mnunuzi wa mafuta ya kula mwenye vipimo atayakataa au kuyashusha bei. Ikiwa daftari linaonyesha kwamba mikungu yenu inakaa siku nne kabla ya kuchemshwa, basi mashine mnayoihitaji kwanza ni ya kupukuchulia, au hata baiskeli ya mizigo na ratiba ya kukata mikungu inayolingana na siku za kukamua.

Kwenye dagaa, teknolojia iliyobadilisha kazi ya wanawake wengi wa mialoni haina mota wala waya. Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa kutoka ardhini, kinaruhusu hewa kupita chini ya dagaa, hivyo wanakauka pande zote bila kugeuzwa mara kwa mara, hawashiki mchanga, na mvua ikitishia wanafunikwa upesi kwa turubai. Muda uliokuwa ukiishia kwenye kugeuza na kupepeta unabaki kwa shughuli nyingine, na dagaa safi wanapata bei nzuri zaidi.

Nishati

Mota kubwa zinahitaji umeme wa njia tatu, ambao mafundi huuita wa fezi tatu. Thibitisheni kwa TANESCO, kwa maandishi, kwamba unafika kwenye eneo lenu kabla ya kulipia mashine. Nguzo inayoonekana barabarani si ushahidi wa kutosha. Kama haufiki, ulizeni gharama ya injini ya dizeli ya ukubwa huo huo na mweke bei ya mafuta ndani ya hesabu.

Kwa wavuvi wanaotaka kuacha karabai na kutumia taa za betri, hesabu ni nyepesi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu kila usiku, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki wati-saa 600, zinazotosha kuwasha taa zenye jumla ya wati 60 kwa saa 10. Anayeuziwa taa nyingi kuliko hizo kwa betri moja ajue kwamba zitazimika kabla ya alfajiri.

Fanyeni hesabu kwa siku za kazi

Bei ya mashine haisemi kitu mpaka igawanywe kwa siku itakazofanya kazi. Mashine ya shilingi 6,000,000 inayotarajiwa kudumu miaka 5 inawagharimu shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Ikifanya kazi siku 120 kwa mwaka, kila siku ya kazi imebeba shilingi 10,000. Ikifanya kazi siku 60, imebeba shilingi 20,000, kabla ya dizeli, vipuri, ujira na riba. Ndiyo maana vikundi viwili vya vijiji jirani vinavyonunua mashine moja na kugawana siku huwa katika hali bora kuliko kila kimoja kuwa na yake iliyofunikwa gunia.

Kwa wavuvi, hesabu hiyo itoe usiku wa mbalamwezi, ambapo taa haivuti dagaa, na itoe pia vipindi vya kupumzisha ziwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Mkopo wenye marejesho ya kila mwezi bila kujali kipindi kama hicho utamfunga mvuvi. Ratiba ya marejesho ijadiliwe kabla ya kutia saini. Taa zenye nguvu zaidi na nyavu ndefu zaidi zinaongeza uwezo wa kuvua, lakini ziwa halizalishi samaki wengi zaidi kwa sababu hiyo, na anayepanga mapato yake kwa kudhani kwamba kila mwenye kipe (chombo cha kuvulia dagaa kwa taa) akiongeza taa wote watavua zaidi anajipangia deni.

Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la umma linalohudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia mashine zilizotengenezwa nchini na ushauri wa kiufundi.

Nani anapoteza kazi, na nani anapata

Swali hili liulizwe mashine ikiwa bado dukani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi uliokuwa ukiwapa kipato maelfu ya Wanyamwezi kati ya pwani na ziwa ukakosa nafasi yake katika njia hiyo, na hakuna aliyekaa nao kupanga wafanye nini baadaye. Kikundi cha watu 20 kinaweza kukaa na kupanga, kwa hiyo hakina udhuru wa kutofanya hivyo.

Orodhesheni kila kazi na jina la anayeifanya sasa. Nani anatwanga na kulipwa kwa siku? Nani anachukua mise baada ya kukamua, na ataendelea kuichukua mashine itakapokuwa ya kikundi? Mara nyingi kazi ya mikono ni ya wanawake, na mashine inapofika inashikwa na kijana wa kiume aliyefundishwa na muuzaji, huku wao wakigeuka walipaji wa huduma katika kazi waliyoiendesha wenyewe. Kwa hiyo andikeni makubaliano yanayotaja nani atafundishwa kuendesha mashine, nani ataangalia majiko na ubora, nani atatafuta soko, na kila mmoja atalipwaje. Wafundishwe waendeshaji wasiopungua wawili, mmoja wao awe mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa mikono, kwa sababu yeye ndiye anayejua chikichi iliyoiva kwa kuitazama.

Usalama usiachwe kwa hiari ya mtu. Mkanda na magurudumu vifunikwe kwa wavu wa chuma, khanga na kitenge visivaliwe karibu na mashine inayozunguka, na watoto wasifike penye mafuta ya moto. Mkanda wa akiba, beringi, grisi na fyuzi vinunuliwe siku ile ile ya mashine. Kipuri kinachosubiriwa kutoka Dar es Salaam kinaweza kuwaacha na tani za chikichi zinazochacha.

Msimu wa kwanza ukiisha

Endeleeni kujaza daftari lile lile, kwa vipimo vile vile. Kisha kaeni wote, mlinganishe asilimia ya mafuta, kuni, saa na ujira wa kila mtu kabla na baada ya mashine. Ikiwa mafuta yameongezeka lakini waliokuwa wakipata ujira wa kila siku sasa hawapati kitu, rekebisheni mgawanyo kabla ya msimu wa pili kuanza. Ikiwa mashine imekaa bila kazi siku nyingi, tafuteni hatua iliyoichelewesha na muielekeze huko fedha inayofuata, au mkodishe siku zilizo wazi kwa majirani. Na ikiwa namba zinaonyesha kwamba mkwamo haukuwa mahali mlipodhani, iuzeni mapema, ingali mpya na yenye bei.